Kutoka Eksirei hadi Mlisho wa Damu: Historia Fupi ya Picha za Uvimbe wa Mapafu na Maneno Yake

Utangulizi

Miaka michache iliyopita tuliletewa karatasi moja ili tuisahihishe. Ilikuwa karatasi ya maelezo ambayo mgonjwa husomewa kabla ya kutia sahihi ya kukubali kupimwa. Kipimo chenyewe kilikuwa kile cha kuyapiga mapafu picha nyingi mfululizo kwa mashine ya CT, huku dawa maalumu ikiwa imetiwa mshipani, ili ijulikane ni damu kiasi gani inayoufikia uvimbe. Sentensi ya kwanza ya tafsiri ilisomeka hivi: "Kipimo hiki kitaonyesha jinsi damu inavyosambaa katika saratani ya mapafu yako baada ya kudungwa madini joto."

Muuguzi aliyetuletea karatasi hiyo alitueleza kwa nini ilikuwa imerudishwa. Mzee mmoja, alipokwisha kusomewa, alikataa kupanda juu ya meza ya mashine. "Mwanangu," alimwambia muuguzi, "kama imekwisha kusambaa, mnapima nini tena?" Akaomba arudishwe kwake akagawe mali yake. Wakati huo ilikuwa bado haijathibitika kwamba uvimbe ule ni saratani.

Katika sentensi hiyo moja mna makosa matatu, na hakuna hata moja lililotokana na uvivu. Mfasiri alikijua Kiswahili, na Kiingereza pia alikijua. Lililomponza ni kutoijua historia ya kitu alichokuwa akikitaja. Maneno ya taaluma hii hayakuzuka kwa siku moja. Kila moja lilizaliwa ili kujibu swali fulani la wakati wake, na asiyelijua swali hawezi kulichagulia jibu katika lugha nyingine. Katika makala haya tunakusudia kuieleza historia hiyo kwa ufupi, kisha tupendekeze maneno machache ambayo, kwa maoni yetu, yanaweza kuwafaa wafasiri, walimu na watumishi wa umma wanaoandika juu ya tiba. Hatudai kwamba mapendekezo yetu ndiyo ya mwisho. Tunachodai ni kwamba jambo lenyewe halifai kuachwa kwa kila mfasiri abahatishe peke yake.

1. Miale isiyojulikana

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua kwamba bomba alilokuwa akilifanyia majaribio ya umeme lilitoa miale iliyoweza kupenya vitu visivyopenywa na mwanga. Kwa kuwa hakuijua miale hiyo ni ya namna gani, aliiita kwa herufi X, herufi ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu kisichojulikana. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa katika taaluma hiyo. Wajerumani wakaja kuiita miale hiyo kwa jina la mgunduzi. Waingereza wakashika herufi yake. Nasi tukalipokea neno kutoka kwa Waingereza na kulitohoa kuwa eksirei. Hivyo kila mwananchi anayesema "nimepigwa eksirei" anatamka, bila ya kujua, mshangao wa mtaalamu mmoja wa karne ya 19.

Picha ya eksirei ni kivuli. Mfupa huizuia miale, hewa huipitisha, na nyama huwa baina ya hivyo viwili. Kwa kuwa mapafu yamejaa hewa, kitu chochote kigumu kilichomo ndani yake huelekea kuonekana kama doa jeupe, na kwa sababu hiyo picha ya kifua ikawa msaada mkubwa wa waganga wa kifua kikuu muda mrefu kabla ya saratani ya mapafu kuwa tatizo kubwa la dunia. Lakini kivuli kina udhaifu wake. Watu watatu wakisimama mstari mmoja mbele ya taa, ukutani hupatikana kivuli kimoja tu. Vivyo hivyo uvimbe uliojificha nyuma ya moyo au nyuma ya ubavu huweza kupotea ndani ya kivuli cha kilicho mbele yake.

Kwa upande wa lugha hapakuwa na shida kubwa katika hatua hii. Neno "picha" lilitosha, na kitenzi "kupiga" kilikuwa kimekwisha kuzoeleka kwa picha za kawaida. Shida ilianza picha ilipoacha kuwa kivuli na kuwa hesabu.

2. Mkato na hesabu

Neno tomografia limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani: moja lina maana ya mkato au kipande, na la pili lina maana ya kuandika. Wazo lake ni kuuona mwili kama kwamba umekatwa vipande vyembamba, mfano wa mkate, na kila kipande kikatazamwa peke yake. Kwamba jambo hilo linawezekana kwa hesabu lilithibitishwa mwaka 1917 na Johann Radon, mwanahisabati wa Austria. Alionyesha kwamba ukijua jumla ya kitu kwa kila mstari unaokipita, kutoka pande zote, waweza kukirudisha kitu chenyewe kama kilivyo. Radon hakuwa akiwafikiria wagonjwa, na waganga hawakuwa wakimsoma Radon.

Aliyelipeleka wazo hilo hospitali alikuwa mwana wa bara letu. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924. Mwaka 1956, akiwa mhadhiri wa fizikia huko Cape Town, aliombwa kusimamia matumizi ya vitu vyenye mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, kwa kuwa sheria ilitaka awepo mwanafizikia. Huko aliona jinsi tiba ya mionzi ilivyopangwa kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, hali mapafu, mfupa na nyama haviizuii miale kwa kadiri moja. Akajiuliza namna ya kupata kiasi cha kila mahali ndani ya mwili kwa kupima kutoka nje. Bila ya kujua kazi ya Radon aliivumbua hesabu yake upya, na mwaka 1957 akaijaribu kwa mche wa alumini uliozungushiwa mbao. Alitangaza matokeo yake mwaka 1963 na 1964. Baadaye alisimulia kwamba karibu hakuna aliyeyajali. Barua iliyomvutia zaidi ilitoka kwa wachunguzi wa maporomoko ya theluji huko Uswisi, ambao walitaka kujua kama njia yake ingewafaa.

Mashine yenyewe ilijengwa Uingereza na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, ambaye naye hakuijua kazi ya Cormack. Katika jaribio lake la awali kukusanya vipimo kulichukua siku 9, na kompyuta ikahitaji saa mbili na nusu kuvikokotoa. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, yeye na mganga James Ambrose walimpima mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe katika ubongo. Uvimbe ulionekana. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba, ingawa hakuna kati yao aliyekuwa mganga.

Hapa mfasiri asimame kidogo. Picha ya CT ni jedwali la namba lililotiwa weusi na weupe. Kila nukta ina namba yake katika kipimo kilichopewa jina la Hounsfield: maji ni 0, hewa ni hasi 1,000, na mfupa hupanda mamia kadhaa juu ya maji na kuendelea. Mtaalamu anaposema kwamba uvimbe "umeng'aa zaidi" kwa 20, hasemi habari ya uzuri wa picha. Anataja tofauti ya namba mbili. Asiyelifahamu jambo hili atazifasiri ripoti za CT kama anayesimulia picha ya ukutani, na maana yote itampotea.

Mashine za mwanzo zilikuwa nzito mno kwa kifua. Kichwa chaweza kutulizwa, mapafu hayatulii. Ilibidi kusubiri mashine za mwili mzima zilizofuata katika miaka ya 1970, kisha mashine za kuzunguka mfululizo kama skrubu zilizoanza kutumika mwaka 1989, ndipo kifua kizima kiweze kupigwa picha kwa pumzi moja iliyozuiwa.

3. Swali la ukubwa na swali la chakula

Kwa muda mrefu swali kuu juu ya uvimbe wa mapafu lilikuwa moja: una ukubwa gani? Mgonjwa akipewa dawa, uvimbe ukipungua, dawa imefaa, ukiongezeka, imeshindwa. Mwaka 2000 kanuni hii iliwekwa wazi katika mwongozo wa kimataifa ambao ulitaka upunguo wa asilimia 30 wa jumla ya vipimo vya urefu ili tiba ihesabiwe kuwa imeleta nafuu ya sehemu, na ongezeko la asilimia 20 ili ugonjwa uhesabiwe kuwa umeendelea. Mwongozo huo ulirekebishwa mwaka 2009, lakini rula ilibakia kuwa rula.

Hata hivyo, swali la pili lilikuwa limekwisha kuulizwa. Mnamo Novemba 1971, mwezi mmoja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa Hounsfield, Judah Folkman, mpasuaji wa Boston huko Marekani, alitoa makala iliyosema kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita milimita 2 au 3 hivi bila ya kujiotesha mishipa mipya ya damu. Kama ni hivyo, alisema, basi yafaa kutafuta dawa za kuizuia mishipa hiyo. Wengi walimtilia shaka. Lakini mwaka 2004 dawa ya namna hiyo, iitwayo bevacizumab, iliidhinishwa huko Marekani kwa saratani ya utumbo mpana, na mwaka 2006 ikaidhinishwa kwa aina fulani ya saratani ya mapafu.

Dawa hizo zilileta tatizo ambalo rula haikuweza kulitatua. Ukimfungia mkulima mfereji, mahindi hayatoweki shambani siku hiyo hiyo. Yatasimama wima kwa siku kadhaa, na mpita njia atadhani shamba li hai. Vivyo hivyo uvimbe uliokatiwa damu waweza kubakia na ukubwa ule ule kwa majuma, hali ndani umekwisha kunyauka. Mganga anayengoja upungue huenda akaibadili dawa iliyokuwa ikifaa; na kinyume chake, huenda akaendelea na dawa isiyofaa, yenye madhara na gharama, kwa sababu tu uvimbe haujakua. Hapana budi apatikane namna ya kuupima mfereji wenyewe.

4. Namna ya kuupima mfereji

Mizizi ya kipimo hicho ni ya zamani kuliko eksirei. Mwaka 1870 Adolf Fick, mbele ya chama cha wanafizikia na waganga cha Würzburg, alieleza kwamba ukijua kiasi cha kitu kinachoingia katika kiungo na kiasi kinachotoka, waweza kujua damu iliyokibeba. Ni chama hicho hicho ambacho miaka 25 baadaye kilipokea taarifa ya Röntgen juu ya miale yake. Mawazo mawili ambayo yangekuja kukutana katika mashine moja yalitoka katika mji mmoja, nayo yalikaa mbalimbali kwa miaka mingi.

Waliyakutanisha watu kadhaa. Mwaka 1980 Leon Axel, huko Marekani, alieleza kwa hesabu jinsi picha za CT zilizopigwa haraka haraka zinavyoweza kutoa kiasi cha damu inayopita katika ubongo. Mwaka 1991 Kenneth Miles na wenzake, huko Uingereza, walionyesha jinsi hesabu hiyo inavyoweza kufanywa kwa kila nukta ya picha na kuchorwa kama ramani ya rangi. Tangu hapo njia hii ilienea kwa wagonjwa wa kiharusi, kisha kwa uvimbe wa ini, wa utumbo na wa mapafu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mgonjwa hulazwa mezani, na dawa yenye iodini hudungwa mshipani kwa kasi. Mashine haisogei kutoka juu hadi chini kama kawaida. Hukaa pale pale juu ya uvimbe na kupiga picha kila baada ya sekunde chache, kwa muda wa dakika moja hivi. Iodini huizuia miale, kwa hiyo inapofika mahali namba ya Hounsfield ya mahali hapo hupanda, na inapoondoka hushuka. Mtaalamu huchora mistari miwili: mmoja wa ateri inayoleta damu, na mwingine wa uvimbe. Kwa kulinganisha mistari hiyo hupata alichokuwa akikitafuta.

Tutoe mfano wa hesabu, ambao namba zake tumezichagua kwa urahisi tu. Tuseme namba ya ateri ilipanda kwa 240 ilipofika kileleni, na namba ya uvimbe, ilipokuwa ikipanda kwa kasi kubwa kabisa, iliongezeka kwa 2 kila sekunde. Gawanya 2 kwa 240, zidisha kwa sekunde 60, utapata nusu. Maana yake ni kwamba kila mililita 1 ya uvimbe hupata nusu mililita ya damu kwa dakika, au mililita 50 kwa kila mililita 100 za uvimbe. Njia nyingine hufika hapo hapo kwa kupitia mlango wa pili: kama mililita 100 za uvimbe zina mililita 5 za damu ndani ya mishipa yake, na damu hiyo huchukua wastani wa sekunde 6 kupita, basi 5 kwa 6 mara 60 ni 50.

Mapafu yana fumbo lao la pekee. Viungo vingi hupata damu kwa ateri za mkondo mmoja, lakini pafu hupata kwa mikondo miwili: ateri ya mapafu, inayoleta damu kutoka upande wa kulia wa moyo ili ikavute hewa safi, na ateri za bronki, ambazo ni ndogo na hutoka katika ateri kuu ili kulilisha pafu lenyewe. Saratani za mapafu hulishwa zaidi na hizi ndogo, ingawa si zote, na si kwa kadiri moja. Mashine nyembamba hazikuweza kuikamata mikondo yote miwili na uvimbe kwa pamoja. Mwaka 2007 zilianza kutumika mashine zenye safu 320 za vipokezi, ambazo hupiga picha upana wa sentimita 16 kwa mzunguko mmoja, na baada ya hapo wachunguzi waliweza kuutenga mchango wa kila mkondo.

5. Yale ambayo kipimo hakisemi

Ni wajibu wa mtunga istilahi kujua mipaka ya kitu, kwa maana neno likisema zaidi ya kitu chenyewe, litamdanganya msomaji kila linapotamkwa.

Mwaka 2000 Stephen Swensen na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa vinundu 356 vya mapafu, uliofanywa katika hospitali kadhaa. Kipimo chao kilikuwa chepesi kuliko hiki tulichokieleza: waliangalia tu namba ya kinundu ilipanda kwa kiasi gani baada ya dawa. Waliona kwamba vinundu ambavyo havikupanda kwa zaidi ya 15 vilikuwa nadra kuwa saratani, kwa kuwa kipimo kilizinasa saratani asilimia 98. Lakini kati ya vinundu visivyokuwa saratani, ni asilimia 58 tu vilivyotambuliwa kuwa hivyo. Vingine vyote vilipanda kama saratani. Sababu yake haistaajabishi. Mahali penye uvimbe wa maradhi ya kuambukiza, ambapo mwili unapigana, napo huitiwa damu nyingi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Kinundu cha kifua kikuu kilicho hai chaweza kupata damu nyingi kama saratani. Kwa hiyo kukiita kipimo hiki "kipimo cha saratani" ni kosa la tiba kabla ya kuwa kosa la lugha. Uthibitisho hutokana na kipande kidogo cha nyama kinachochukuliwa na kutazamwa kwa hadubini.

Aidha, kipimo kina gharama zake. Kupiga picha mara nyingi mahali pamoja huongeza mionzi anayoipata mgonjwa. Dawa ya iodini haiwafai baadhi ya wenye ugonjwa wa figo wala wenye mzio nayo. Kupumua husogeza uvimbe kutoka picha hadi picha, na programu mbili za kompyuta huweza kutoa namba mbili kwa mgonjwa mmoja. Kwa sababu hizo kipimo hiki hakijachukua nafasi ya vipimo vya kawaida; kimekuwa zaidi chombo cha utafiti na cha hospitali kubwa.

6. Uchaguzi wa maneno

Tuanze na saratani. Mfasiri wetu aliandika saratani mahali ambapo maandishi ya asili yalitaja uvimbe. Kiswahili kina neno pana, uvimbe, linaloingiza kila kitu kilichotuna, hata kwa pigo. Na kina saratani, neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, kama vile kansa ilivyo kaa kwa Kilatini. Saratani na kansa ni kitu kimoja, wala si aina mbili, kama tulivyowahi kuulizwa. Lakini uvimbe si saratani mpaka uthibitishwe. Upana wa neno uvimbe si upungufu wake. Ni uaminifu wake. Kwa doa dogo lililo duara ndani ya pafu tumetumia kinundu, wala tusiseme kidonge, kwa kuwa mgonjwa atadhani ni dawa.

La pili ni madini joto. Neno hili lilienezwa nchini Tanzania kwa ajili ya chumvi inayokinga ugonjwa wa tezi ya shingo, na kazi hiyo limeifanya vizuri. Lakini dawa ya mashine ya CT si chumvi ya jikoni. Kuitaja kwa jina hilo kwaweza kumfanya mgonjwa aone kuwa ni kitu anachokula kila siku, akaacha kutaja mzio wake. Twapendekeza dawa ya kubainisha, na pale panapohitajika kutajwa kilichomo, iodini. Wengine husema dawa ya rangi. Sisi hatuliungi mkono jina hilo, kwa sababu dawa yenyewe haipaki rangi. Rangi za ramani hutiwa na kompyuta. Hata wekundu wa ramani hizo si damu wala si hatari; ni namba tu iliyo kubwa kuliko jirani zake.

Sasa tulifikie neno lenyewe, lile linalotaja damu inayoifikia nyama ya kiungo kupitia mishipa midogo kabisa. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kumimina hadi kitu kienee. Tumeyapima maneno matano.

Kwanza, kutohoa: pafyusheni, kwa mfano wa televisheni na operesheni. Utohozi ni njia halali, na kwa mtaalamu huenda ukatosha. Lakini karatasi hii husomewa mzee kabla ya kutia sahihi, na neno ambalo haliungani na neno lolote analolijua halimwambii kitu.

Pili, msambao wa damu. Kwa kamusi tupu halina kosa. Lakini katika wodi za saratani kitenzi kusambaa kina kazi moja tu, nayo ni ya kutisha. Neno halichaguliwi kwa maana yake peke yake. Huchaguliwa pia kwa majirani litakaokaa nao.

Tatu, mtiririko wa damu. Ni neno zuri, na tungependa liachiwe kazi yake ya damu inayokwenda ndani ya mshipa mkubwa. Mto waweza kutiririka kando ya shamba na shamba lisipate hata tone.

Nne, mpenyo wa damu. Hili lina hatari ya kuchanganya mambo mawili, kwani mishipa mipya ya saratani huvuja, na kiasi cha kuvuja kwake ni kipimo kingine kinachotolewa na mashine hiyo hiyo. Hicho twapendekeza kiitwe upenyekaji wa kuta za kapilari.

Tano, mlisho wa damu. Neno mlisho limenyambuliwa kwa kanuni ile ile iliyotupa mpigo, mzunguko na mtiririko, nalo si geni: watu wa pwani huuita mwezi unaotangulia Ramadhani mwezi wa mlisho. Linataja jambo lenyewe, yaani kiungo kupata riziki yake kwa njia ya damu, na halina harufu ya kuenea kwa ugonjwa. Lina upungufu pia, wala hatuufichi. Mgonjwa mmoja huenda akafikiri kwamba akijinyima chakula uvimbe utakufa njaa, nalo ni jambo la hatari kwa mtu dhaifu. Hilo yafaa lizuiwe kwa sentensi moja ya maelezo. Upungufu unaoweza kuzibwa kwa sentensi moja twauona kuwa mdogo kuliko ule wa neno msambao, ambao hauzibiki.

Kwa hiyo twapendekeza tomografia ya mlisho wa damu kwa kipimo kizima. Kiwango cha mlisho kwa mililita za damu kwa dakika katika kila mililita 100 za nyama. Ujazo wa damu kwa kiasi kilichomo mishipani wakati mmoja. Na wastani wa muda wa kupita kwa sekunde ambazo damu huchukua kuvuka. Kama mwandishi atasema tomografia ya kompyuta au ya tarakilishi, kwa kufuata mazoea ya nchi yake, hatuoni sababu ya ugomvi.

Hatima

Karatasi ile tuliirudisha ikiwa na sentensi hizi: "Kipimo hiki kitaonyesha ni damu kiasi gani inayoufikia uvimbe ulio katika pafu lako. Kipimo peke yake hakiwezi kusema kama uvimbe huo ni saratani au sivyo. Utadungwa dawa ya kubainisha yenye iodini. Tafadhali tueleze kama una ugonjwa wa figo, au kama umewahi kudhurika kwa dawa ya namna hiyo. Endelea kula kama kawaida, isipokuwa kwa saa utakazoambiwa kabla ya kipimo."

Sentensi moja imekuwa tano. Watakaolalamika juu ya urefu tutawaelewa, kwa maana karatasi za ofisi zina nafasi ndogo. Lakini mzee aliyeomba kurudi kwake kugawa mali hakukataa kipimo, alikataa alichosomewa. Alikuwa na haki ya kukataa au kukubali kitu kile chenyewe, kwa jina lake, na haki hiyo tulimnyima sisi wenye kazi ya maneno.

Twawaomba wasomaji, hasa wauguzi, waganga na walimu wa sayansi, watupelekee maoni yao juu ya maneno haya: yapi wameyasikia vinywani mwa wagonjwa, yapi yamefaa, na yapi yamewapotosha.